Tangi Limejaa, Koki Haitoi: Hewa Inavyonasa Kwenye Bomba na Namna ya Kuitoa Isirudi

Maji ya mtaani yamekatika siku mbili, tangi la juu likakauka. Yamerudi usiku, na asubuhi tangi limejaa mpaka linamwaga, lakini shawa inakohoa mara mbili tatu, inatema maji kidogo, kisha kimya. Jikoni maji yanatoka vizuri tu. Fundi anaitwa, anaunganisha mpira, anasukuma maji, shawa inafanya kazi, analipwa, anaondoka. Wiki mbili baadaye ni yale yale.

Fundi huyo hakudanganya. Hewa aliitoa kweli. Ila hakugusa mambo mawili yanayoirudisha: mlango inakoingilia, na mahali kwenye bomba inakokaa. Bomba lenye vyote viwili litashika hewa kila mara, hata ukiongeza tangi la lita 5,000. Maelezo yanayofuata ni ya maji baridi yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye tangi, kama yalivyo katika nyumba nyingi za mijini Tanzania na Kenya.

Hewa inamezaje nguvu ya maji

Maji ya tangi yanasukumwa na kimo peke yake, yaani umbali wa wima kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye koki. Kila mita ya kimo inatoa takriban baa 0.1, na ili upate baa moja kamili unahitaji mita 10. Nyumba ya chini haina mita 10, kwa hiyo kila sentimita ina thamani.

Chukua nyumba yenye tangi la lita 1,000 juu ya stendi. Kitako cha tangi kiko mita 3.2 kutoka sakafuni, kichwa cha shawa mita 2.1, koki ya jikoni mita 1. Maji yakiwa yamebaki sentimita 20 ndani ya tangi, shawa ina kimo cha mita 1.3 na jikoni mita 2.4. Bomba limepita juu ya dari, na kwa kuwa lilifuatishwa kenchi, limepanda na kushuka mara tatu, kila nundu sentimita 40.

Tangi lilipokauka, bomba nalo lilimwagika, likabaki na maji mabondeni tu. Tangi likijaa tena, maji yanapanda nundu ya kwanza, yanateleza upande wa pili yakipita chini ya hewa, yanajaza bonde linalofuata. Hewa iliyokuwa kwenye mteremko imefungiwa huku na huku. Sasa upande wa kupanda umejaa maji na upande wa kushuka umejaa hewa. Maji yalitumia nguvu kupanda sentimita 40, na kwa kawaida yangerudishiwa nguvu hiyo yanaposhuka, lakini anayeshuka hapa ni hewa, na hewa haina uzito wa kusukuma chochote. Sentimita 40 zimekwenda. Nundu tatu, mita 1.2.

Shawa iliyokuwa na mita 1.3 imebaki na sentimita 10, hivyo inadondosha. Jikoni kulikuwa na mita 2.4, zimebaki 1.2, na mpishi hajui kama kuna tatizo. Tangi lile lile likijaa hadi mita 1.2 za maji, shawa inapata kimo cha mita 2.3, ukitoa 1.2 inabaki mita 1.1 na mtu anaoga. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo watu wameshajijua: tangi likifika nusu, shawa inalegea, likishuka zaidi, basi ni ndoo na kopo. Wanadhani tangi ni dogo. Hewa imo bombani muda wote. Tangi likijaa linaizidi nguvu kidogo tu.

Kinachokatwa ni kimo cha wima cha hewa. Urefu wake hauhesabiki. Mita tano za hewa kwenye bomba lililolala sawasawa hazikuli nguvu ya maana, lakini hewa iliyosimama nusu mita kwenye bomba linaloshuka inakula nusu mita yote. Na nundu zinajumlishwa. Fundi anayekwambia "hivyo vinundu vidogo havina shida" anatazama kimoja kimoja.

Kwa nini hewa haisombwi na maji

Husombwa, maji yakiwa na kasi. Kwenye bomba linaloshuka, povu la hewa linataka kupanda na maji yanataka kulishusha. Kwa mabomba ya nyumbani, kasi ya nusu mita kwa sekunde inatosha kulishusha kwa uhakika; chini ya hapo povu linaweza kukaa palepale huku maji yakipita chini yake.

Kasi hiyo unaipima kwa ndoo na saa ya simu. Bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) linaloitwa robo tatu, yaani ya inchi, lina milimita 25 kwa nje, lakini ukuta wake ni mnene na tundu la ndani ni kama milimita 18. Kwa tundu hilo, nusu mita kwa sekunde ni kama lita 7.6 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 ijae ndani ya dakika mbili na nusu. Kwa bomba la inchi moja, lenye milimita 32 nje na kama 23 ndani, ndoo hiyo ijae ndani ya dakika moja na nusu. Koki yako ikichukua muda mrefu kuliko huo, usitegemee hewa itoke yenyewe kwa kuacha maji yatiririke.

Kumbe basi kuna ushauri unaotolewa sana ambao unaweza kuharibu: "weka bomba kubwa." Bomba kubwa lenye nundu zile zile, likilisha shawa ile ile, lina maji yanayokwenda taratibu zaidi, na hewa inakaa kwa raha zaidi. Bomba kubwa lina faida pale mteremko ulipo sahihi.

Hakikisha ni hewa kwanza

Uchafu nao unapunguza maji, na geti valvu (valvu ya kuzungusha inayofunga kwa ulimi) iliyokatika ulimi ndani unaweza kuizungusha siku nzima isifunguke. Tofauti iko kwenye tabia. Bomba lenye hewa linakohoa, linatema, linabadilika kadiri tangi linavyopungua, na mara nyingi lilianza siku tangi lilipokauka au valvu ilipofungwa kwa matengenezo. Bomba lenye uchafu linatoa uzi mwembamba usiobadilika, na linazidi kudhoofu polepole kwa wiki au miezi. Fungua chujio la koki na kichwa cha shawa uvitazame kabla ya kupanda darini. Ni kazi ya dakika tano na inaokoa fedha nyingi.

Kuitoa leo

Kama shawa ni ya umeme, izime kwenye swichi yake kabla ya chochote. Elementi inayowaka huku imezungukwa na hewa badala ya maji inaungua.

Njia ya haraka ni kusukuma maji kinyumenyume. Unahitaji mpira safi wa maji, klipu mbili za kubana, na koki moja yenye presha kuliko tangi: ya laini ya mtaani au ya pampu. Funga mpira kutoka koki hiyo hadi koki iliyokufa. Fungua iliyokufa mpaka mwisho, kisha fungua ya presha polepole. Maji yanapanda kinyume na kusukuma hewa irudi tangini. Mtu aliye juu ataona mapovu yakitoka kwenye tundu la kutolea maji. Endelea dakika moja hadi mbili baada ya mapovu kuisha. Funga koki iliyokuwa imekufa kwanza, halafu ya presha, na uondoe mpira hapo hapo. Usiuache umeunganishwa "kwa ajili ya kesho", kwa sababu presha ya mtaani ikishuka maji ya tangini yanaweza kurudi kwenye bomba la umma, pamoja na kilichomo.

Kama huna koki yenye presha, tumia kimo. Jaza tangi mpaka juu. Kisha kwenye koki iliyokufa funga mpira uliokwisha kujazwa maji, ncha ya chini imezibwa kwa kidole, uuninginize mpaka mahali pa chini kabisa unapopafikia, nje ya dirisha au ngazini. Fungua koki, achia kidole. Mpira uliojaa maji ukishuka mita tatu unaongeza mvuto wa mita tatu, na kwenye mfumo wenye mita 1.3 hiyo ni nguvu kubwa. Hewa itaingia kwenye mpira na mvuto utakatika. Ujaze tena, rudia mpaka maji yatoke bila kukatika.

Kulegeza yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) juu ya nundu ili hewa ipumue pia kunafanya kazi, kwa sharti moja: nundu iwe chini ya usawa wa maji tangini. Ikiwa juu ya usawa huo, hutasikia hewa ikitoka, utasikia bomba likivuta. Kaza upesi.

Muda wa kurudi ndio unaosema inaingilia wapi

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Kabla ya kukata bomba lolote, andika kwa siku chache ni lini maji yanakatika na nini kilitokea kabla.

Hewa ikirudi kila tangi linapokauka, mlango ni tundu la kutolea maji lenyewe, na hata halingoji tangi liishe. Maji yakibaki sentimita chache juu ya tundu, koki kadhaa zikiwa wazi, kinatokea kizunguzungu cha maji kinachonyonya hewa kama kwenye sinki. Acha angalau sentimita 10 hadi 15 za maji juu ya tundu. Kama kuna pampu inayovuta kutoka tangini, weka floti swichi (swichi ya boya) ya kuizima kwenye kiwango hicho.

Ikirudi kila mtu wa chini anapofungua maji, na nyumba ni ya ghorofa, koki ya juu ndiyo inayovuta hewa. Fungua koki ya bafu la juu, mwache mtu afungue ya bustani mpaka mwisho, kisha weka kiganja chini ya koki ya juu. Ukihisi inafyonza ngozi, umemaliza uchunguzi. Bomba la pamoja kutoka tangini halipitishi maji ya kutosha, hivyo maji yaendayo chini yanavuta kila kilicho juu. Dawa isiyo na gharama ni kupunguza geti valvu ya laini ya chini mpaka mfyonzo ukome. Dawa ya kudumu ni kuwapa watu wa juu laini yao wenyewe kuanzia karibu na tangi, au kufanya bomba la pamoja liwe la milimita 40.

Ikirudi kila maji ya mtaani yanapoanza kutoka, tafuta mahali ambapo laini ya mtaani imeunganishwa na laini ya tangi. Baada ya mgao, bomba la mtaani linasukuma hewa nyingi kabla ya maji, na hewa hiyo inapita kwenye mita ikiizungusha, halafu inapanda kwenye nundu zako. Valvu ya noni-ritani, inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, haizuii hewa inayokuja upande wa mbele. Tenganisha: maji ya mtaani yaingie tangini tu kupitia valvu ya boya, yamwagike kutoka juu, hewa ibaki humo. Ukitaka koki moja ya laini ya moja kwa moja jikoni, iwe na bomba lake.

Ikirudi mchana, hasa siku za jua kali, na asubuhi kila kitu kiko sawa, angalia bomba lililo wazi juu ya paa. Maji yakipata moto yanaachia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Isitoshe PPR ya kawaida inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 10 zikipanda nyuzi 30 zinarefuka sentimita 4.5, na kama ncha zote mbili zimekazwa, bomba linapinda na kujitengenezea nundu. Jioni linanyooka. Fundi akija asubuhi haoni kitu. Lifunike, maana jua pia linaipasua PPR baada ya muda, na uliachie kona yenye nafasi ya kucheza.

Ikirudi bila mpangilio, tangi halijawahi kukauka, kuna uvujaji wa kuvuta. Huu ndio unaosumbua watu miaka, kwa sababu haudondoshi tone. Mahali ambapo bomba linashuka kwa kasi baada ya valvu iliyofunguliwa nusu, presha ndani inaweza kushuka chini ya presha ya hewa ya nje, na kiungo kilicholegea kinaingiza hewa. Fungua koki zote, paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo cha uzi na kwenye shingo ya geti valvu, kisha tazama kwa utulivu. Povu halitapuliza. Litazama polepole, likiacha kishimo kwenye mkunjo wa uzi. Fungua kiungo hicho, safisha uzi, zungusha thredi tepu (utepe mweupe wa kuziba uzi) mizunguko 12 hadi 15 kufuata upande wa kukaza, ukaze tena. Geti valvu zifunguliwe mpaka mwisho. Aliyeifungua nusu "ili isilete presha sana" ndiye aliyeanzisha.

Bomba la kupumulia

Katika vitu vyote vya kuongeza, hiki ndicho chenye faida kubwa kwa bei ndogo. Ni tii (kiungo cha midomo mitatu) inayowekwa mara tu baada ya valvu ya kutokea tangini, mdomo ukitazama juu, na bomba la milimita 20 linalopanda mpaka juu ya mfuniko wa tangi kwa sentimita 30, kisha elbo (viungo vya kona) mbili zinazoligeuza litazame chini. Mdomoni funga wavu wa mbu. Valvu ikifungwa kwa matengenezo, laini inamwagika kwa utulivu. Ikifunguliwa, hewa inatokea hapo badala ya kushuka na maji. Tii ikae baada ya valvu. Ikikaa kabla, valvu ikifungwa laini haina pa kupumulia.

Lakini bomba hili lina mtego. Maji yakipita kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, tundu la tangi na valvu vinameza kama sentimita 10 za kimo. Tangi likibaki na maji kidogo, usawa ndani ya bomba la kupumulia unashuka mpaka kwenye tii, na hapo linaanza kuingiza hewa. Dawa imegeuka ugonjwa. Kwa hiyo kuanzia tangini mpaka kwenye tii tumia saizi moja kubwa kuliko laini inayofuata, mathalani milimita 40 kwa laini ya 32, na uishushe tii angalau sentimita 30 chini ya kitako cha tangi.

Tena, bomba la kupumulia lililo tangini halitoi hewa ya nundu iliyo mita nane mbele. Nundu isiyoondoka inataka pumzi yake, juu kabisa ya mgongo wake, nayo ipande juu ya tangi. Kama ni vigumu kulipandisha, kuna valvu za hewa za otomatiki, ndogo, za nusu inchi, zenye boya ndani. Zikae wima, na zikaguliwe, kwani maji ya kisima yenye chumvi huzigandisha. Kwenye laini inayosukumwa na pampu hizo ndizo za kutumia, sababu bomba la wazi litarusha maji juu ya paa. Kwenye laini ya tangi tungechagua bomba la wazi, lisilo na kitu cha kuharibika.

Kuondoa nundu

Kanuni ni moja: kutoka tangini bomba lishuke bila kupanda tena, sentimita moja kwa kila mita, na kila kipande kipimwe kwa pimamaji. Klipu za bomba la milimita 25 zikae kila sentimita 70 hadi 80; zikizidi hapo bomba linalegea katikati, na kila klipu inageuka kilele. Ukikutana na boriti ya zege, pita chini yake. Unapounganisha PPR, joto la mashine ni nyuzi 260, sekunde 7 kwa milimita 25 na 8 kwa 32. Anayekaanga zaidi na kusukuma ndani kwa nguvu anatengeneza ukingo wa plastiki unaobana tundu, na kasi uliyoihesabu inapotea.

Kesi mbaya kuliko zote ni ya ukuta wa ukingo wa paa la zege. Tangi limekaa chini juu ya slabu, bomba likapandishwa ukuta wa mita moja na kuruka upande wa pili. Kilele hicho kikiwa juu ya usawa wa maji tangini, maji hayashuki kwa kimo tena, yanavutwa tu kwa kunyonya, na hewa kidogo ikiingia yanakatika. Usiweke pumzi hapo. Utakata maji moja kwa moja. Toboa ukuta kwenye kitako chake, pitisha bomba ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi, ziba pembeni kwa sila isiyopitisha maji ya mvua. Au inua tangi juu ya stendi mpaka kitako chake kipite kilele.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi kwa kuona maji yanatoka. Yalitoka hata mara ya kwanza. Funga maji yanayoingia, fungua koki zote mpaka tangi na mabomba vikauke kabisa, zifunge, jaza tangi hadi robo tu, kisha fungua moja moja kuanzia ya chini. Zote zikirudi bila mpira, na ndoo ya shawa ikijaa ndani ya muda uliotajwa, hesabu ya mwisho ilipwe.